Daftari la Madeni, Newala

Mimi si mjuzi wa picha. Nauza misumari,
bati, kofuli, na rangi ya kopo.
Lakini Likonde Nampembe nimemsoma wote
humu, katika daftari lililoliwa na mende pembeni,
deni kwa deni, miaka thelathini na moja.

Ukurasa wa nne: nyekundu robo, nyeusi robo, brashi moja
(ilinyonyoka, akarudi kugomba).
Ndiyo miaka ya vichwa vya vinyozi,
vichwa visivyo na shingo, masikio kama vipini vya vikombe,
na yule simba wa ubavuni mwa Fuso la Chilumba
aliyechekwa na watoto kutoka hapa hadi Kitangari.
Kibao cha duka langu alikiandika yeye: VIFAA VYA UJEZI.
Herufi ile ananidai hadi leo, au namdai mimi.

Kisha bluu. Bluu, bluu, bluu.
Wageni wa mradi walitaka twiga,
walitaka mto, na mama na mtungi wake.
Newala hii, ambako ndoo ya maji
ilishinda bei ya soda, yeye akachora mito!
Nikamuuliza, mto huu uko wapi?
“Mfukoni mwa mnunuzi,” akasema,
akalipa taslimu, chenji hakungoja.
Mradi ukafungwa. Bluu ikagandia rafuni.

Ukurasa wa arobaini una jina la Asumini tu,
na mita saba za marekani. Sikuandika bei.

Alipoonekana tena alitaka njano.
Nikamshushia kopo zote. “Siyo hiyo.
Ile inayokaa kwenye kope mwezi wa saba,
mikorosho ikipuliziwa.”
Akaondoka na gundi peke yake.
Salfa yenyewe aliikoroga, akaipaka juu ya gunia,
njano tupu, toka pindo hadi pindo,
isipokuwa katikati: pakavu, pasafi,
umbo la mtu aliyesimama vumbi likimpita
kisha akaondoka.
Watu wakasema, mzee karudi chekechea.
Mimi nilisimama pale, macho yakiniwasha,
hadi chai niliyoishika ikawa maji.

Siku hizi mkono unamtetemeka. Rangi hanunui.
Ananunua msasa. Tapentaini, nusu lita nusu lita.
Anazipunguza picha zake, moja baada ya moja,
kama mtu anayepepeta, anayepepeta,
na bado haridhiki na chembe.

Jumatatu alikuja kukiazima kibao changu.
Nikafurahi: hatimaye ataichomeka ile N.
Amekirudisha jana. Ubao umeparuzwa hadi nyuzi za mti,
wekundu umebaki kwa mbali, kama ulimi wa mgonjwa,
matundu ya misumari manne,
na pale kati ya U-J-E na Z-I
pengo, amelizungushia penseli.

Wateja wanauliza, duka limehama?
Nimekitundika hivyohivyo.
Nimeandika: Nampembe, msasa namba mia mbili, karatasi mbili.
Nyuma ya kalamu naitafuna,
safu ya bei inaningoja.