Andika kwa Ufupi

Fomu ya ofisi ya ajira, hapa mjini kwetu kusini mwa Tunisia,
ina kisanduku kimoja, upana wa vidole vitatu:
Sababu ya kukosa kazi. Andika kwa ufupi.
Kalamu yao imefungwa uzi mezani,
isije ikavuka bahari kama vijana.

Niandike nini, bwana Lazhar?
Kwamba nimesomea mawe miaka mitano,
naweza kukutajia umri wa kilima kile dirishani
(kilikuwa chini ya maji; tumboni mwake mna meno ya papa),
lakini getini walitaka dereva wa greda,
na dereva alikwisha kupatikana,
mpwa wa msimamizi,
leseni yake bado inanukia gundi?

Kwamba chuoni tulisoma milima ya Alpi, kwa Kifaransa,
darubini moja, wanafunzi arobaini,
na zamu yangu ilipofika kioo kikapasuka?

Kwamba kwenye usaili nilikuwa wa saba.
Wakachukua sita.
Mwaka uliofuata wizara ikafunga mfuko,
ulipofunguliwa nilikuwa nimeuvuka umri
kwa siku kumi na moja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama miaka tisa, bwana Lazhar.
Mvunguni nimepaona. Pamefagiliwa.

Baba amechimba kilima hicho tangu hajaota ndevu.
Meno yake yameungua kahawia kwa maji ya hapa.
Aliuza kondoo wote, akambakiza mmoja kipofu,
ili mimi nisishike sururu.
Sasa hata hiyo sururu ina foleni.

Shahada yangu iko ukutani, jirani na kalenda ya benki.
Kila Ijumaa mama huipangusa kwa kitambaa chenye maji,
na kila Ijumaa kitambaa hutoka na vumbi la fosfeti.
Mimi sikuingia mgodini.
Mgodi umeingia kwetu, punje kwa punje,
umekaa juu ya jina langu: Hedia.

Lazhar akatazama mlango, akainamisha sauti:
"Weka 'hakuna nafasi', dada.
Kompyuta haipokei neno jingine."
Naye ana shahada ya falsafa.
Mkataba wake unaisha mwezi wa sita.

Nikavuta kalamu hadi uzi ukakaza.
Ndani ya kisanduku nikachora jino la papa.
Likaenea.