Sanduku la 214

Bohari ya karoti, barabara ya Likasi.
Si karoti za mchuzi. Ni nguzo za mawe
zilizokatwa kwa keekee ya almasi toka tumboni mwa ardhi,
unene wa kifundo cha mkono wangu,
zimelazwa katika masanduku ya mbao kama wagonjwa
wa hospitali isiyo na daktari wa zamu.
Mimi, Kaseba Tobi, ndimi mlinzi.
Mwaka wa nane huu. Nimelipwa minne.

Sangwa alikuja bado mwanafunzi, kwa viatu vya kuazima,
lenzi ikining'inia shingoni.
Alilowesha jiwe kwa kitambaa, akalitazama, akalilamba.
Nilicheka: Mamzeli, kwenu bukari imekwisha?
Akanishika kidole, akakiweka hapa, sanduku la 214:
matope ya kijivu yaliyogeuka mwamba, tabaka juu ya tabaka,
na katikati kokoto moja la rangi ya waridi,
mgeni asiye na ndugu,
na tabaka za chini yake zimebonyea
kama godoro chini ya mtu aliyelala.

Lilidondoka, akasema.
Toka wapi?
Toka kwenye barafu. Hapa palikuwa bahari, Kaseba,
na barafu ikielea juu yake, imebeba mawe ya mbali.
Miaka milioni mia saba.
Nje, joto la Oktoba lilikuwa likikaanga mabati.
Nikaitika ndiyo, ndiyo,
kama unavyomwitikia mgonjwa wa malaria.

Sasa yuko huko ambako barafu haijaondoka.
Bara zima, chini ya blanketi la kilomita mbili, tatu,
na milima humo ndani ambayo jicho halijaiona;
wanaipapasa kwa mawimbi ya redio
kama mkunga anavyopapasa tumbo.
Nilidhani ni nchi ya maji mengi. Kumbe jangwa:
mwaka mzima kitovu chake hakipati
kiasi cha mvua yetu ya Novemba moja.
Ila theluji ikianguka haiendi popote.
Inaikalia ya mwaka jana, ya mwaka juzi,
ya enzi zisizokuwa na mtu wa kuzipa jina.

Nao wanaitoboa. Wanatoa karoti,
neno ni lile lile, Kaseba!
Anatuma sauti kwa simu, na nyuma yake upepo
unanguruma kama tanuru la shaba siku za baba yangu.
Kipande kilichobaki walikitia kikombeni.
Kikalia: tiki. Tiki tiki.
Hewa iliyofungiwa kabla mtu yeyote hajayeyusha shaba
ikatoka, ikamwingia puani.
Ilinukaje? nikauliza.
Siku mbili baadaye: Haikunuka kitu.

Nyumbani Katuba, Mujinga mke wangu anauza barafu,
vifuko vya franka mia mbili, umeme ukituhurumia.
Nilichukua kimoja, nikakipasua, nikakiweka sikioni.
Tiki.
Hewa ya jana usiku: makaa,
sabuni ya kipande, kikohozi cha mtoto wa jirani.
Unasikiliza bidhaa yangu? akasema Mujinga. Lipa.

Ujumbe wa mwisho ulifika Ijumaa.
Wameteremsha kamera kwenye tundu, hadi chini kabisa,
ambako barafu inaelea juu ya maji meusi.
Jiwe dogo likaachia. Likashuka polepole.
Matope yakalipokea.
Nimekumbuka lako, ameandika.

Jumatatu likaja lori. Bohari imeuzwa;
masanduku yanakwenda kufukia mashimo ya barabara.
Kijana mwenye orodha hakuwa na kiti, nikampa changu.
Mlinzi hulinda, hakuajiriwa kukataa.
Nikapakia pamoja nao, mgongo ukiuma, nikimsomea namba:
211.
212.
213.
215.

Mujinga anasema kitanda chetu kimeota nundu.