Kiti Hakiumi

Mvua ya Julai hapa Valdivia haijui kupiga hodi.
Inapanda na wanafunzi hadi ghorofa ya tatu,
kisha wao wanapinda kushoto, kwenye mashine ya kahawa.
Kulia ni mimi: Ofisi ya Ushauri wa Ajira,
na bakuli la peremende zilizogandana
kama ndugu wenye siri moja.

Mkuu wa idara akasema, wafuate waliko.
Waliko ni kiganjani mwao.
Basi mimi, Hortensia, miaka hamsini na minane,
nikafungua ukurasa, nikajifunza kukata maneno
yatoshe sekunde kumi na tano,
mimi niliyezoea kumweka mtu saa nzima
na kumuuliza mamake anaendeleaje.

Video ya kwanza: namna ya kuandika wasifu.
Mioyo mitatu.
Miwili ya dada yangu Eduvigis, ana simu mbili.
Wa tatu wangu; kidole kiliteleza.

Nikabandika nafasi za kiwanda cha karatasi,
za maabara ya samaki, tarehe ya mwisho kwa rangi nyekundu.
Kimya.

Jioni moja, nimechoka na kutabasamia kioo,
nikapiga picha kiti cha wageni:
kitambaa cha kijani, kimechakaa upande mmoja tu,
pale ninapotua mkoba.
Chini nikaandika: *Kiti hiki hakiumi.*

Saa nane na dakika kumi usiku simu ikatetemeka.
*Bado kipo?*
Kanuni zinakataza kujibu baada ya saa kumi na mbili jioni.
Kanuni zilikuwa zimelala.
*Kipo. Mguu mmoja mfupi, usiegemee sana.*

Hakuandika tena. Wiki ikapita, na nusu ya nyingine.

Akaja amelowa chapachapa,
Nahuel Catrileo, masomo ya misitu, mwaka wa tano,
wasifu ndani ya mfuko wa mkate.
Hakuketi. Alikitazama kiti
kama mtu uliyemjua kwa picha tu.
Akauliza: miaka sita ya kupasua kuni na baba
na kuziuza nyumba kwa nyumba,
hiyo ni kazi, au ni maisha tu?

Nilikuwa na mengi ya kusema, na hakuna saa iliyonihesabia.
Nikampa kalamu.

Mwisho wa mwezi ripoti inadai tarakimu.
Waliofuata: mia nne na kumi na wawili.
Waliofika: mmoja,
na maji ya viatu vyake
hayajakauka chini ya kiti.