Tope la Usoma

Leo tumevuta tope tena, mimi na Akumu,
kwa lile bomba la plastiki lenye ufa.
Maji yametakata. Unaiona kamba mpaka inapoishia,
na pale gatini watu wanasema ziwa limepona.

Kome ndio waliofanya hivyo.
Waliingia wamegandamana tumboni mwa tishari,
hawakubisha hodi.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
hawa walikuja na lao.

Wanalinywa ziwa usiku na mchana,
wanachuja, wanatema,
na wakitemacho hushuka polepole, uteute wa kijani,
hadi kwa wenyeji tusiowaona,
bakteria wa tope,
waliozoea kula kidogo na kupumua kidogo.

Sasa ni karamu.
Karamu isiyo na mwisho humaliza hewa nyumbani.
Wanaohitaji hewa wamesukumwa juu,
wamebanana kwenye utando wa kahawia, unene wa ukucha.
Mwaka jana ulikuwa kidole kizima.
Chini yake ni weusi, na wale wanaoishi bila pumzi
wanazaana.

Akumu anafungua bomba: yai viza.
Anacheka, anaziba pua kwa kiwiko,
anaandika kwa penseli,
*Namba 14. Kahawia: milimita mbili.*
Kisha hacheki.

Mama mmoja anayechota maji akatuuliza,
"Ni kweli linapona?"
Nikatazama ndoo yake: kitako chote kinaonekana,
hata jina lake, Nyang'wara, lililochongwa kwa msumari.
Safi, nikasema.
Bomba nikalisogeza nyuma ya mguu wangu,
sijui kwa nini.