Presha ya Ghalani

Msimu ule, Tandahimba, baba alipimwa presha.
Akacheka. "Yangu naijua ilikotoka:
magunia kumi na manne yamelala ghalani,
chama hakijalipa,
na Mwalimu Chinguile anadai ada."
Vidonge alimeza, ila kama amkopeshaye jirani:
kwa tarehe ya mwisho.

Malipo yalipoingia
aliviviringa kwenye stakabadhi ya ghala,
akavichomeka darini, kando ya mfuko wa salfa.
"Deni limekwisha. Dawa ya nini?"

Mimi ndiye nigawaye dawa dirishani, pale zahanati.
Nawaambia watu: kila siku, hata ukijiona mzima.
Nyumbani sina dirisha.
Namwuliza kichwa, ananijibu bei.

Jana nimemkuta amekaa chini ya mkorosho, jembe kando,
anasubiri shamba liache kuzunguka.
"Njaa tu, Somoe."

Nikapanda darini.
Mende wameila stakabadhi upande wa tarehe.
Vile si vya kumeza tena; nikachukua vipya,
nikamletea na maji ya mtungini.

"Kuna habari za mnada?"

"Zipo, baba. Wanasema
mwaka huu bei itaanguka."

Akanyoosha kiganja.