Betri ya Fuso

Kamwene, Mzee Mdemu. Itue hapo, juu ya gunia.
Usiipakate tena. Koti lako limeshaliwa:
tazama ubavuni, matundu yameongozana,
nawe ulidhani nondo.

Unauliza nani kaiua.
Subiri niivue vifuniko. Sita,
kama milango ya kota za kiwanda cha chai,
kila chumba na volti zake mbili,
kila chumba na wapangaji wasiotakiwa kugusana:
bamba la kijivu, bamba la rangi ya udongo,
katikati pazia jembamba,
na asidi ikipita baina yao kama umbea.
Umeme ndio huo. Wakigusana, nyumba imekwisha.

Nachovya kipimo. Kielea kinalala chini
kama mlevi wa ulanzi asubuhi ya Jumatatu.
Chumba cha kwanza, maji matupu.
Cha pili, maji matupu.
Cha tatu hakina hata maji;
vichwa vya mabamba vimetokeza, vyeupe,
vyeupe kama bustani za Luhunga
Julai ile sakitu inapobabua viazi.

Hiyo ni chumvi, mzee.
Risasi na asidi huoana kila taa inapowaka,
hutalikiana kila jua linapochaji.
Ndivyo ilivyoumbwa: kuoana, kuachana, kuoana.
Ila wiki tatu za ukungu, sola yako inatazama pamba,
nawe usiku taa, usiku redio,
ndoa ikakomaa. Ikawa jiwe.
Sasa nikiichaji inatokota tu, inanuka yai viza,
haipokei.

“Niliipa maji,” unasema.
Maji gani?
“Ya mto. Masafi, tunayanywa.”
Betri hainywi tunachokunywa sisi.
Inataka maji yasiyo na ladha, yasiyotoka popote;
mto wetu unashuka na chokaa na chuma
na kila kilichooshwa huko juu.

Lakini hayo ni madogo. Lililo kubwa nakwambia sasa,
na usinikasirikie.
Hii ni betri ya lori.
Mabamba yake membamba, mengi, yamebanana,
yamekaa tayari kwa pigo moja:
saa kumi alfajiri, baridi ya Mafinga,
dizeli nzito kama uji, ufunguo unazungushwa,
naye analisukuma lile dubwana na mbao zake zote
kwa sekunde tatu, nne.
Basi. Baada ya hapo injini inamlisha njia nzima.
Hakuumbiwa kukesha.
Ya nyumbani ina mabamba manene,
mzito wa kuamka, mvumilivu wa usiku.
Wewe ulimpa mkimbiaji kazi ya mlinzi.

Hujibu. Kidole chako kiko ubavuni mwa betri,
juu ya herufi zilizokwaruzwa kwa msumari:
E.M.

Nililijua lile lori.
Lilikuwa na betri mbili, pacha.
Sikujua kama moja ilirudi kutoka bondeni.

“Ilikuwa ya taa ya chumba chake,” unasema.
“Nikila, naiwasha. Saa nne naizima.”
Tangu lini?
“Tangu arobaini.”
Nahesabu kwa vidole vyenye vaselini.
Miezi kumi na minne.

Mzee, nafuta nusu ya niliyosema.
Sijaona betri ya Fuso iliyokesha hivyo.

Mnunuzi wa chakavu hupita Alhamisi, hupima kwa kilo.
Risasi haiozi; wataiyeyusha, itakuwa betri nyingine.
Sikwambii hilo kukupoza. Ni bei tu.

Wataka vifuniko.
Nimevisugua kwa magadi, vyote sita,
nimevifunga na karatasi ya mfuko wa saruji.
Nawa mikono kabla ya kula, umesikia?
Unaitika, unavitia kotini.

Mfuko mwingine, mzee.
Huo umetoboka.