Kukata

Thelathini na sita, kwa wino mwekundu,
imezungushiwa duara kama mbuzi aliyefungwa asitoroke.
Tulisukumana mbele ya ubao wa matangazo,
wengine wakapiga picha,
mimi nikapiga hesabu: alama nne zimeninyima arobaini.

Pembeni Dokta Lugendo ameandika maneno mawili:
"Hakuna marejeo."
Kurasa kumi na moja juu ya bei ya dagaa Igombe,
na chanzo changu kikuu ni daftari la mama,
kava la bluu, kona zimeliwa na mafuta ya taa,
msimu kwa msimu, ndoo kwa ndoo,
tangu mwaka nilioanza darasa la kwanza.

Wande, tunayepanga naye Nyegezi, akasema achana nayo,
utarudia somo mwakani.
Ukimsumbua mwalimu, atakukumbuka.
Nikalala na wazo hilo usiku mmoja.
Kiswahili chetu kina ubahili wa vitenzi:
tamaa hukatwa,
rufaa nayo hukatwa,
kisu ni kile kile.

Ofisi ya usajili, Bwana Mashenene,
miwani kwenye paji, kikombe cha uji mkononi,
akaisoma barua yangu ya kwanza
akairudisha kabla hajafika mwisho.
"Binti, hapa umelia. Umelia ukurasa mzima.
Ulikesha, umeme ulikatika, mama ni mjane.
Pole.
Lakini wapi umesema msahihishaji alikosea?"

Akafungua droo, akatoa mwongozo wa kusahihisha,
karatasi tuliyopewa sote wiki ya kwanza,
yangu nilifungia maandazi.
Kipengele cha nne: ushahidi wa mkono wa kwanza, alama ishirini.
"Andika hapo. Ukurasa wa ngapi, mstari wa ngapi.
Usimtaje Dokta kwa ubaya, usimtaje kwa sifa.
Siku ni kumi na nne tangu matokeo yabandikwe,
tisa umezimaliza ukinuna.
Na ujue, msahihishaji wa pili anaweza kupandisha.
Anaweza pia kushusha."

Ada, shilingi elfu ishirini na tano.
Nikampigia mama. Upepo wa ziwa ulijaa kwenye simu,
na mtu akifukuza yangeyange kwenye vichanja.
Hakuuliza insha ni nini.
Aliuliza: "Waliisoma yote?"
Sijui, mama.
"Mnunuzi asiyefika chini ya ndoo
asinitajie bei."
Jioni fedha ikaingia,
ikiwa na ya kutolea.

Nikaandika upya, mistari kumi na miwili tu.
"Naomba kazi hii isomwe hadi mwisho
kwa kuzingatia kipengele cha nne."
Ni mama yule yule, amevaa viatu.

Wiki sita. Mvua zikaanza,
mawe ya Mabatini yakang'aa kama migongo ya viboko.
Dagaa wakaloa, wakaozea mchangani, bei ikapanda,
daftari likapata ukurasa mpya.
Nami niliingia vipindi vya Dokta Lugendo,
safu ya pili, nikijibu akiuliza.
Hakunitazama kwa jicho baya.
Hakunitazama kwa jicho lolote.

Bahasha ikaja. Arobaini na moja.
Sikuruka.
Wande akapiga hesabu: kila alama elfu tano,
hata minofu ya sangara haijafika huko.
Tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Lakini ukurasa wa saba, kwa penseli,
mwandiko mdogo nisioujua, unaoinamia kushoto:
"Daftari hili bado lipo?
Linaanzia mwaka gani?"

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko ile alama.
Jumamosi ninakwenda Igombe
na sukari kilo mbili,
na faili la plastiki lenye kifungo, nimelinunua mia tano,
maana mvua bado,
na paa la mama linavujia upande wa daftari.